Nukta Nilizozifuta

Nilipaswa kusema hapana. Neno lenyewe fupi, na siku ile lilikuwa tayari mdomoni.

Bwana Mutiso, mkubwa wetu katika idara ya maji, alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu akiitazama ramani ya mabomba ya Mji wa Kale. Aliniagiza niichore kutoka kichwani, kwa kuwa ramani za zamani zilikuwa zimeliwa na mchwa na unyevu. Nilikuwa nimechora mistari ya aina mbili. Palipokuwa na bomba nililoliona kwa macho yangu, nilipiga mstari mzima. Pale nilipokuwa nadhani tu, au nimesikia kwa watu, nilipiga mstari wa nukta nukta. Nukta zilikuwa nyingi kuliko mistari mizima.

"Hizi nukta ni za nini?" akauliza.

"Hapo sina hakika, bwana."

"Mwakio, karatasi hii inakwenda kwa wakubwa. Nikiwapelekea ramani iliyojaa 'sina hakika', wataniuliza tunalipwa kwa kazi gani. Bomba lipo au halipo?"

"Lipo. Sijui tu limepita upande gani wa kichochoro."

"Basi lichore kama lilivyo kichwani mwako. Huko kichwani lina nukta?"

Nilifumba macho, Mungu anisamehe, nikatazama. Kichwani mwangu hapakuwa na nukta hata moja. Mabomba yote yalikuwa mazima, yamenyooka, kama yametoka dukani asubuhi ile. Nikachukua raba.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoanza kazi ya maji mjini humu, kwa sababu mmenichosha. Mwaka mzima mnakuja kwangu hapa Buxton, mnasimama mlangoni na tableti zenu, mnaanza: "Mzee, tumekwama mtaa wa Kuze. Tuambie bomba limepita wapi, wewe si lote unalo kichwani?" Hilo neno "kichwani" ndilo linalonipandisha presha. Mnalisema kana kwamba kichwa changu ni kabati, na humo ndani mna karatasi zimepangwa, na kazi yangu ni kufungua mlango na kutoa. Nikiwaambia sijui, mnadhani nawabania. Mmoja wenu alidiriki kuniletea sukari na majani ya chai ili nilegee. Sukari niliipokea. Bomba bado silijui.

Si nyinyi peke yenu. Yupo msichana anaitwa Sidi, mpangaji wa jirani yangu, mwanafunzi wa chuo kile cha ufundi hapo karibu. Ana kazi ya kuandika kuhusu jinsi akili inavyoibeba dunia. Jioni moja tulikuwa tumekaa ufukweni kule Mama Ngina, kila mtu na mihogo yake ya kukaanga, ndimu na pilipili, akanieleza kwamba wasomi wamegawanyika. Wako wanaosema kwamba akilini mna mifano ya vitu, kama picha au ramani, na tunapofikiri tunaitazama mifano hiyo. Wako wengine wanaosema hamna picha yoyote, kuna mwili tu uliozoea dunia, mguu unajua ngazi na mkono unajua kitasa.

"Wewe babu uko upande gani?" akaniuliza.

"Mimi niko upande wa kula mihogo yangu ikiwa moto."

"Babu!"

"Haya. Hiyo picha iliyo ndani ya kichwa, nani anaitazama? Kuna mtu mdogo huko ndani? Na yeye ana kichwa? Na ndani ya kichwa chake mna nini?"

Akacheka, akasema hilo swali hata walimu wake huulizana. Nikaona nimpe jaribio langu. Nikamwambia asigeuke nyuma. "Yule mama uliyenunua mihogo kwake sasa hivi. Mwavuli wake una rangi gani?"

"Mwekundu," akajibu, hata hakufikiri.

"Una hakika?"

"Babu, nanunua pale kila wiki. Nauona kabisa."

"Geuka."

Mwavuli ulikuwa wa kijani. Sidi akafungua mdomo. Akamwita yule mama: "Mama, mwavuli wako si ulikuwa mwekundu?"

"Ulikuwa, mwanangu! Upepo uliuvunja kabla ya Idi. Huu ni mpya. Na wewe umenunua kwangu chini ya huu huu siku ngapi? Macho yako yako kwenye mihogo tu!"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Sidi naye akacheka, lakini mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa namwona Bwana Mutiso nyuma ya kiti changu. Nikamwambia: "Kukosea rangi si kitu. Sikiliza ulivyokosea. Hukuniambia 'sijui'. Hukuniambia 'nadhani'. Kichwa chako kilichukua mwavuli wa zamani, kikauweka pale, kikakuambia unauona. Kichwa hakipigi nukta. Kinapiga mstari mzima kila mahali, pale kinapojua na pale kinapobahatisha, na wewe uliye ndani huwezi kutofautisha."

Alitoa simu akaandika. Mimi nikarudi kwenye mihogo yangu, imeshapoa.

Niliyoyajua ya kazi hii nilifundishwa na Athmani. Yeye ni mtu wa Kibokoni, baba yake na babu yake wa hapo hapo, na mimi nilikuja kutoka Taita na cheti cha kidato cha nne mfukoni, nikidhani cheti kinajua mabomba. Hatukupishana sana umri, lakini yeye alinitangulia kazini, na mimi nilimshikia sururu kabla ya kuruhusiwa kuitumia. Aliniita "yakhe", yaani ndugu yangu, tangu siku ya kwanza. Wazee wa Mji wa Kale huitana hivyo wao kwa wao, na mimi mtu wa milimani nilijiona nimepewa uraia.

Ukimuuliza Athmani akiwa ameketi bomba fulani limepita wapi, alikuwa hajui. Nasema kweli. Mwanzoni nilidhani ananifanyia mzaha.

"Athmani, valvu ya Ndia Kuu iko wapi?"

"Waniuliza nimekaa? Nitajuaje nimekaa? Twende."

Tukienda, alikuwa akizungumza mambo mengine kabisa, bei ya papa mkavu, harusi ya nani imeingia mkosi, halafu ghafla anasimama. "Hapa." Miguu ilikuwa imesimama kabla yake. Ukimrudisha ofisini ukamuuliza tena, hajui. Nilipomsimulia Sidi haya alifurahi mno, akasema basi hoja ya wale wa mwili imeshinda. Nikamwambia atulie, sijamaliza. Kwa sababu Athmani huyo huyo alikuwa akikosea, na akikosea hakosei kidogo.

Siku moja alisimama mbele ya kinyozi mmoja wa Ndia Kuu, akapiga kisigino chini, akaapa kwamba bomba liko papo hapo, chini ya kiti cha wateja. Kinyozi akamtoa mteja akiwa amenyolewa upande mmoja. Tukachimba. Mchanga. Tukachimba tena. Mchanga na kopo la zamani. Mteja yuko nje, nusu kichwa kina nywele, anauliza kama arudi kesho. Athmani akainuka, akajikung'uta magoti, akasema kwa utulivu wote: "Basi limehama."

Kinyozi alitaka kumpiga na kiti. Lakini angalieni shimo lilikuwa la ukubwa gani: upana wa kiganja, urefu wa mkono. Lilizibwa kabla chai haijapoa. Hiyo ndiyo tofauti, na ndiyo ninayotaka muichukue hata kama mengine yote mtayatupa.

Athmani aliita shimo hilo hodi. Kabla ya sururu kugusa ardhi popote, alipiga magoti, akachukua mwiko wa mwashi, akachimba kishimo chembamba kwa mkono, taratibu, mpaka auguse mgongo wa bomba au ahakikishe halipo. Kisha anachimba kingine upande wa pili wa kichochoro. "Huingii nyumba ya mtu bila kupiga hodi," alikuwa akisema. "Ardhi nayo ina wenyewe." Katika vichochoro vile, ambamo ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili, na kuta zenyewe ni mawe ya matumbawe na chokaa ya miaka na miaka, hodi haikuwa adabu tu. Maji yakipasuka pale hayana pa kwenda isipokuwa chini ya ukuta wa mtu.

Mimi nilidharau hodi mapema, nikaaibika mapema, na nilipaswa kujifunza papo hapo. Tulikuwa na fimbo ya chuma ya kusikilizia maji yanayovuja. Unaweka ncha moja kwenye bomba au valvu, nyingine sikioni, unasikia mlio kama mtu anayenyamazisha mtoto: shhh. Saa nzuri ya kusikiliza Mji wa Kale ni Ijumaa adhuhuri, wanaume wako msikitini, maduka yamefungwa, cherehani zimenyamaza. Athmani akienda kuswali aliniachia fimbo. "Wewe Mkristo leo ndiwe sikio la idara," aliniambia.

Ijumaa moja, Kuze, niliisikia shhh tamu, nene, haina shaka. Niliyaona maji kwa macho ya akili, nikaona na mahali bomba lilipotoboka, kishimo kama jicho la samaki. Sikusubiri. Nikashika sururu, nikafungua kichochoro kuanzia mlango hadi mlango. Athmani akarudi na kanzu yake nyeupe, akasimama ukingoni mwa handaki langu kavu, akasikiliza fimbo kidogo, akapiga hodi kwenye nyumba ya jirani. Bibi mmoja akafungua. Athmani akachungulia ndani, akarudi.

"Yakhe," akasema, "umechimba friji."

Friji la yule bibi lilikuwa limeegemea bomba lake la jikoni, linaunguruma, na mlio unasafiri ukutani hadi barabarani. Nilitembea mwezi mzima nikiitwa Fundi Friji, hadi watoto wa Kuze walilijua jina. Sikio lilisikia sawa. Mlio ulikuwepo. Yale maji ndiyo niliyoyatia mwenyewe, kwa kuwa nilitoka nyumbani nikitafuta maji. Na picha ya maji yasiyokuwepo ilikuwa safi sawasawa na picha ya maji yaliyokuwepo wiki iliyotangulia. Ingekuwa na ukungu kidogo, ningejishuku. Haikuwa na ukungu.

Kwa hiyo Sidi, na nyinyi mnaosoma, jibu langu ni hili, na kama walimu hawalitaki shauri yao. Iwe ni picha kichwani au ni mazoea mguuni, vyote viwili ni madai. Kichwa kinadai bomba liko hapa. Mguu unadai bomba liko hapa. Dai linaweza kuwa la uongo, na ndiyo maana ni dai la kuhusu bomba, si bomba lenyewe. Bomba halikosei kamwe kuwa pale lilipo. Anayekosea ni sisi. Athmani hakuwa na kichwa bora kuliko changu wala miguu bora kuliko yenu. Alikuwa na mwiko tu, na subira ya kupiga magoti.

Narudi kwenye raba.

Nilipozifuta nukta na kuunganisha mistari, Bwana Mutiso alinishika bega, akasema hiyo sasa ni ramani. Ilitiwa fremu, ikatundikwa ukutani ofisini. Haukupita muda nikafanywa msimamizi wa genge la wachimbaji. Sitawadanganya kwamba nililazimishwa. Nilikitaka cheo, na niliona kwamba mtu wa nukta hapandishwi. Athmani aliiona ramani ikiwa imeshamalizika. Alisimama mbele yake mikono nyuma, akaitazama kwa muda, kisha akaniambia, bila hila yoyote: "Mashallah, yakhe. Sikujua kwamba wayajua yote haya."

Hapo palikuwa na nafasi ya pili ya kusema. Nikasema, "Ndiyo, kazi ya siku nyingi."

Na sasa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu jambo lililofuata sikulitarajia na bado linaniudhi nikilifikiria. Nilidhani kwamba karatasi ingedanganya wengine, na mimi niliyeichora ningebaki najua palipokuwa na nukta. Sivyo. Kila asubuhi nilipita mbele ya ramani ile. Kila swali lilijibiwa kwa kidole juu ya kioo. Kidogo kidogo, nikijaribu kukumbuka kichochoro, kwanza nilikuwa naona kichochoro na karatasi pamoja. Baadaye nikawa naona karatasi peke yake, na mistari yake, na doa la chai kwenye kona ya Kibokoni. Ramani niliyoitoa kichwani ilirudi kichwani, ikakaa juu ya ile ya kwanza, ikaifunika. Mchoro ulikula kumbukumbu iliyouzaa. Mimi mwenyewe nikawa mtu wa kwanza kudanganywa na Mwakio.

Mnaweza kukisia yaliyobaki, lakini nitayasema.

Tuliagizwa kulaza bomba jipya kwenye kichochoro kimoja cha Kibokoni, si mbali na nyumbani kwa Athmani. Ramani ilionyesha bomba kuu la zamani limepita upande wa kushoto. Kwa hiyo tuchimbe kulia. Vijana walikuwa wamechelewa kuleta mchanga, Bwana Mutiso amepiga simu kuuliza mbona bado, wenye nyumba wamesimama milangoni wakilalamika kwamba hawana pa kupita tangu asubuhi. Athmani akapiga magoti na mwiko wake.

"Athmani, acha hodi leo," nikamwambia. "Bomba liko kushoto."

"Nihakikishe tu."

"Utahakikisha nini? Si liko kwenye ramani? Nimelichora mimi mwenyewe!"

Alinitazama kutoka chini. Angeweza kubisha, alinitangulia katika kila kitu. Lakini nilikuwa msimamizi wake mbele ya vijana, na yeye ni mtu wa heshima, hawezi kumvunjia mwenzake uso hadharani. Akauweka mwiko kando. "Wewe ndiwe wajua," akasema, na hamkuwa na kejeli ndani yake, hilo ndilo linaloniuma. Aliniamini. Akachukua sururu.

Handaki lilikuwa limefika kiunoni mwake aliposhusha pigo lililogonga chuma. Bomba kuu lilikuwa kulia, ukutani kabisa, na lilikuwa limejaa. Maji hayakutoka kama mnavyoyaona yakitoka, yalitoka kama kitu kilichokuwa kikisubiri. Yaliingia chini ya baraza la nyumba, chokaa ikayeyuka kama sukari, na baraza zima, mawe yote, likaketi juu ya miguu ya Athmani. Tulimtoa kwa mitaimbo, majirani na sisi, na mimi nikipiga kelele ifungwe valvu, na mwenye kujua ilipo alikuwa ndiye aliye chini ya mawe. Hospitalini walimkata mguu wa kulia juu ya goti. Wa kushoto ulibaki, lakini haukunjiki.

Nilikwenda kumtazama kila siku, na alinipokea kama ndugu. Aliwaambia wageni: "Ni ajali. Mwakio alikosea, mimi pia hukosea. Muulizeni kinyozi." Wakacheka. Mimi nikacheka nao. Mwezi wa Ramadhani ulipofika, jioni lilikuja lile bakuli ambalo mkewe alinitumia kila mwaka tangu tulipojuana, mbaazi za nazi na mahamri, limefunikwa kwa sahani. Hata msiba ule haukulizuia bakuli. Nililipokea nikasema kimoyomoyo kwamba yamekwisha.

Alipopata kiti cha magurudumu, idara ilikuwa imebanwa. Mabomba yanapasuka, ramani imeshajulikana kwamba haiaminiki, na hakuna anayejua ipi mistari ya kweli na ipi ya kubuni, mimi nikiwa wa kwanza kutojua. Nikapata wazo. Nitamsukuma Athmani vichochoroni, kama zamani, tuzungumze harusi na papa, na yeye atasimama popote atakaposimama. Alikubali kwa furaha. Alivaa kofia yake mpya.

Nilimsukuma kuanzia Ndia Kuu hadi nyuma ya Ngome ya Yesu, nikarudi naye kwa njia ya Kibokoni. Wauza vinyago walimwita kwa jina, akajibu. Tulizungumza. Gurudumu lilikwama kwenye kila jiwe. Hakusema "hapa" hata mara moja.

Mwishoni aliniomba nisimamishe. "Hakuna kitu, yakhe," akasema. "Natazama tu. Ni mitaa. Miguu ndiyo iliyokuwa ikiniambia."

Tulikuwa tumesimama karibu na lile baraza, limeshajengwa upya kwa saruji. Akalitazama. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka tu kuelewa: "Hapa. Siku ile ulipokuwa ukichora. Ulidhani wajua, au ulijua kwamba hujui?"

Ningeweza kusema uongo tena. Nilikuwa nimechoka nao.

"Siku niliyochora nilijua kwamba sijui. Nilipiga nukta. Bwana Mutiso akasema nizifute, nikazifuta. Siku tuliyochimba, nilikuwa nimesahau."

"Ulisahau nini? Bomba?"

"Nukta."

Paka wa kichochoroni alipita chini ya kiti. Hatimaye akasema: "Mimi kwa kinyozi nilikosea nikidhani najua. Wewe ulijua kwamba hujui, ukaniambia niache hodi."

"Nilikuwa nimesahau, Athmani."

"Wasahauje kitu ulichokifuta mwenyewe kwa mkono?"

Swali hilo Sidi ameliandika kwenye kazi yake, hakutaja majina. Anasema ni swali zuri, na wasomi wana majina ya mambo kama hayo, jinsi kumbukumbu inavyoandikwa upya kila inapoguswa. Huenda. Lakini nikimpa Athmani majina ya wasomi hayatamfaa. Siku ile nilimsukuma hadi kwake, nikamwingiza ndani, mkewe akanikaribisha chai, Athmani akamwambia aniache, nina haraka. Sikuwa na haraka.

Sasa mnaelewa kwa nini nawafokea mnapokuja na tableti. Nimeiona humo ndani. Ramani ile ile, mistari yangu ile ile, imepakwa rangi ya buluu, na mkiigusa inakuwa kubwa. Doa la chai tu ndilo lililoondolewa. Nimewaambia wakubwa wenu zaidi ya mara moja kwamba zaidi ya nusu ya mistari ile niliibuni, wananijibu "asante mzee, tutaliangalia", na kesho yake mnakuja tena mlangoni: "Mzee, tableti yasema kushoto." Tableti haisemi kushoto! Ni mimi ninayesema kushoto, kijana aliyetaka cheo, na sikujua! Nunueni mwiko. Pigeni magoti. Mkichora, pigeni nukta, na mkubwa akiziona mbaya, mwacheni aone mbaya. Na msiniulize kilichomo kichwani mwangu. Nikifumba macho nikaitafuta Kibokoni, naona karatasi ndani ya fremu.

Cheo nilikipata, nikastaafu nacho. Mabomba niliyokuwa nayajua kweli siyajui tena. Athmani alipoteza mguu, na yote aliyoyajua kwa mguu ule. Ramadhani iliyofuata bakuli halikuja, wala iliyofuata hiyo, na sitarajii lije. Bado anaishi Kibokoni, ni karibu kutoka hapa. Nikipita barazani kwake namsalimu, naye ananijibu salamu zote, moja baada ya nyingine, habari za nyumbani, habari za watoto, habari za Taita, haachi hata moja, kama anavyomjibu mgeni yeyote. Zamani aliniita yakhe. Sasa ananiita Bwana Mwakio.